Upande wa Pili wa Kitabu

Kasongo, 11 Januari 1953

Mwanangu Faida,

Unisamehe kwa kunyamaza tangu Agosti. Sikuwa mgonjwa, wala posta haikupoteza kitu. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira asishike kalamu. Sisi huku tu wazima. Mama yako anakohoa asubuhi, lakini shambani anakwenda. Je, wewe na mumeo Alimasi mko salama?

Sasa sikiliza. Mwanao Apolline alipokuja kwetu likizo, nilimpa kitabu cha kusomea, kilekile cha darasa lake la pili. Alikipokea, akakigeuza kichwa chini, akakitazama. Nikamwambia, "Hata kushika kitabu hujui!" Nikakichukua. Hakukigusa tena mpaka siku ya kurudi kwenu. Nimefundisha miaka ishirini na miwili katika shule za misioni, wala sijaona jambo kama hilo. Mwalimu wenu huyo, Célestin, anawafundisha nini? Kulima?

Mwezi wa Novemba nilimwandikia Padri mkaguzi wa shule, nikaeleza yote. Ninyi wazazi mmelala. Mzazi akimpeleka mtoto shule hajamaliza kazi, ameianza. Nenda ukaone, kisha unijibu.

Ni mimi baba yako,
Gaston Lukumani


Kabambare, 22 Februari 1953

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na mama. Barua yako niliipokea mkononi mwa Abedi, dereva wa lori la pamba. Sisi wazima, Alimasi alijikata kidole kwa panga, kinapona.

Baba, nimekwenda. Nilikaa darasani asubuhi nzima, kitinda mimba wangu mgongoni. Shule ina kitabu kimoja cha kusomea na watoto thelathini na mmoja. Mwalimu anakiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, watoto wanakizunguka, kila mmoja na nafasi yake. Nafasi ya Apolline ni ng'ambo, mkabala na Mwalimu. Tangu darasa la kwanza ameyaona maneno yakiwa kichwa chini. Nilimwambia asome, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Tulipotoka akaniambia, "Mama, miye najua kusoma. Kitabu ya babu ndiyo ilikuwa ya kugeuka."

Nilimwuliza kwa nini hakukwambia. "Babu alikuwa amekwisha kukasirika."

Sasa kuna neno zito. Padri ameandika kwamba atakuja Mei kwa sababu ya barua iliyotoka Kasongo. Watoto wasiposoma, Mwalimu Célestin ataondolewa, na wa kumweka mahali pake hakuna; shule itafungwa. Shule nyingine iko mwendo wa siku nzima. Apolline atabaki na jembe. Wazazi wanaulizana nani alishtaki. Mimi nimenyamaza. Niwaambie nini?

Binti yako,
Faida


Kasongo, 9 Machi 1953

Mwanangu Faida,

Mungu awape afya, na kidole cha Alimasi kipone upesi.

Uwaambie ni mimi. Usitafute maneno laini. Niliona kitabu, darasa sikuliona. Barua ya pili kwa Padri nimeipeleka kwa mkono wangu. Amesema atakuja vilevile.

Basi tufanye kazi. Amuri mwenye duka amenipa karatasi ngumu za kufungia vitambaa. Nanakili kitabu chote juu yake, herufi zenye kimo cha kidole, ili mtoto wa nyuma kabisa aone. Zitakuwa karatasi kumi na tisa. Abedi atazileta zikiwa ndani ya mkeka, zisilowe. Mzitundike ukutani, na watoto wote wakae upande mmoja. Alimasi na wenzake watengeneze mbao za kukalia.

Mwalimu Célestin usimwombe radhi kwa niaba yangu. Nimemwandikia mwenyewe, barua yake imo mkekani.

Baba yako,
Gaston Lukumani


Kabambare, 24 Mei 1953

Baba mpendwa,

Je, mama anakohoa bado? Nimempa Abedi chupa ya asali, amletee.

Nilipowaambia wazazi kwamba ni wewe, Mama Ernestine, mzazi mwenzetu, alipiga makofi: "Kumbe ni ule muzee wa gramatika! Basi alete na mukono, hatutaki barua tu." Ndivyo wanavyokuita hapa, mzee wa sarufi. Lakini karatasi zilipofika, yeye ndiye aliyetangulia kuleta udongo mweupe wa kupaka ukuta. Wanaume walipasua mbao siku tatu. Mwalimu Célestin aliisoma barua yako mara mbili, akaitia mfukoni, akaendelea kupigilia misumari.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa taabu. Watoto wa ng'ambo walipinda shingo kama kuku anayemtazama mwewe. Sisi akina mama tulipokezana, wawili kila asubuhi, tukishika fimbo ya kuonyesha mstari. Mama Ernestine hakuwahi kusoma maishani mwake. Sasa anazijua herufi kumi na moja.

Padri alikuja Jumanne. Alimwita Apolline kwa jina, akampa kitabu. Apolline akaanza kukigeuza. Nikaziba mdomo kwa kitenge. Kisha akakirudisha sawa, akasoma mistari sita. Padri mwenyewe akakipindua: "Na hivi?" Apolline akaendelea kusoma kana kwamba hakuna kilichobadilika. Padri naye akajaribu, akakwama kwenye neno la pili. Mama Ernestine akamwita, "Padri, kuya ukae ku kinu!" Watu walicheka, na Padri pia.

Lakini "ndiyo" hakusema. Uamuzi utatoka huko Kasongo, kwenye mkutano wa mapadri mwezi ujao. Wewe uko karibu nao, Baba.

Binti yako,
Faida


Kasongo, 3 Juni 1953

Mwanangu Faida,

Asali imefika, mama yako amelala siku mbili bila kukohoa, anakushukuru.

Nimekwenda misioni. Nilimwambia Padri: shule ile haina mwalimu mbaya, ina kitabu kimoja. Aliyaandika maneno hayo mbele yangu. Mkutano ni Alhamisi ijayo, nami nitakaa barazani mpaka watoke.

Mwambie Apolline kwamba babu yake anajifunza kusoma kutoka upande wake yeye, kitabu kikiwa kichwa chini. Siku tatu sasa, na bado niko ukurasa wa kwanza. Akija likizo atanisahihisha, nami nitanyamaza.

Kwenu sitanyamaza tena. Uamuzi ukiwa mwema au mbaya, nitauandika siku hiyohiyo, kabla sijavua viatu.

Baba yako,
Gaston Lukumani