Kidole Kilichopona

Chumba Na. 4,
Nyuma ya Karakana.
9 Juni

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Habari za huko? Wifi na watoto hawajambo? Mimi mzima, nakula, nalala. Nimesikia umepanda cheo na una ofisi yenye zulia. Hongera. Kazi ya usalama wa wafanyakazi imekufikisha mbali.

Huku kitindamimba wetu anaumwa. Unakikumbuka kile kibanzi cha chuma cha mionzi kilichomchoma kidole kwenye mashine ya kukereza? Utaachaje kukumbuka, na wewe ndiye uliyekuwa mpimaji wa mionzi karakanani! Kila mwezi ulimwekea kipimo kidoleni, namba zikawa zinashuka, nasi tukishangilia kama mazuzu. Mwishowe ukaandika "Amepona", ukahamia huko.

Kumbe chuma hakikuisha, kilihama. Daktari alinichorea kwenye bahasha: mwilini kuna mishipa isiyobeba damu, inabeba maji ya limfu. Maji hayo huzoa uchafu kidondani. Yakakipandisha chuma mkono mzima hadi kwenye tezi za kwapani, zikakinasa. Vijidudu tezi huviua, lakini chuma hakifi. Kimekaa humo miaka sita kikimuunguza.

Daktari akauliza mbona hakuna aliyepima kwapa. Nikamjibu mpimaji alikuwa kaka yetu, msomi. Daktari alipoweka kipimo kidoleni, hakikulia. Kwapani kikalia mpaka muuguzi akarudi nyuma. Kazi safi, Kaka.

Alikuwa na mtoki, tezi ya kwapani imevimba kama yai, mkono haushuki. Wameukata, ila chuma kingine kimeshafika kwenye ini na mifupa. Daktari anahesabu wiki, hahesabu miezi.

Mwenyewe anakusifu mpaka nakereka. Anawaambia wagonjwa wenzake, "Kaka yangu alinipima kila mwezi, hakukosa hata mmoja." Ni kweli, hukukosa. Kidole kilekile, miaka miwili!

Mama anakusalimu sana. Hajui kitu, na mimi simwambii, hiyo ni kazi yako. Fundi cherehani wa jirani naye anakusalimu. Watoto wabusu. Mungu akupe umri mrefu na kumbukumbu nzuri.

Halafu, kitindamimba aliniomba, machozi yakimtoka, nisikuandikie habari hizi. Anasema utaumia mno. Ndiyo maana nimeandika.

Ni mimi dada yako,
nikupendaye, maana nitabaki na ndugu mmoja tu.