Jagi la Maua la Mama Espérance wa Nyakasanza

Mwaka umetimia, Mama Espérance, tangu asubuhi ile ya Jumanne ulipotuacha, na hadi leo kuna watu wanaotusimamisha njiani hapa Nyakasanza, mjini Bunia, na kutuuliza, "Mama wa maua iko wapi? Siku mingi hatumuone." Walikuwa safarini, hawakupata habari. Tunawaambia, wanashika kichwa. Ndiyo maana sisi wa nyumbani mwako tumeona tuseme nawe mbele ya watu, na wao wasikie.

Ulikuwa mtu wa Fataki, na kule maua yako ya dalia yalipanda mpaka kifuani mwa mtu mzima. Siku tuliyokimbia vita, kila mmoja alishika alichoweza. Mwanao Osée alibeba godoro, binti yako Nadège sufuria na karatasi za ubatizo. Wewe ulichimba mizizi ya dalia, minene kama viazi, ukaifunga ndani ya kitenge. Njiani mama mmoja mwenye njaa aliiona akakuomba miwili. Ulimfungulia kitenge, ukamwonyesha, ukamwambia, "Dada yangu, hii haikuliwe. Lakini kaa hapa na siye, tuko na muhogo kidogo." Mihogo yenyewe ilikuwa mitatu tu, nasi tulikuwa saba pamoja na watoto. Tulikula wanane, naye akiwemo.

Bunia ilitupokea kupitia Kambale na mkewe Mama Annie, wafanyabiashara waliotoka Butembo. Walitupa vyumba viwili nyuma ya duka lao, na kiwanja cha kulima kisichozidi upana wa mikeka minne. Viviane, mke wa Osée, alitaka pote papandwe mboga. Alikuwa na haki, watoto walikuwa wembamba.

"Mama," alikuambia, "maua haiwezi kulisha batoto."

"Ni kweli," ulimjibu. "Panda lengalenga pande tatu. Uniachie upande moja tu. Tumbo iko na shamba yake, na macho nayo iko na yake."

Hakuridhika. Wiki moja ulipokwenda Bogoro kumzika shangazi, aling'oa mstari mzima na kuchomeka mihogo. Uliporudi ukakuta, hukupaza sauti. Ulingoja majani ya mihogo yakomae, ukala sombe yake pamoja naye, ukamsifia mkono wake wa kupika, na kesho yake ukahamishia dalia zilizobaki kwenye magunia chini ya dirisha. Viviane mwenyewe ndiye anayetusimulia habari hii, na kila mara akiisimulia anaangalia chini.

Jumamosi ilikuwa siku yako. Watu wakirudi kutoka salongo, usafi wa pamoja wa mtaa, wameshafyeka mifereji na kufagia barabara, kila mmoja alitafuta pa kulala. Wewe ulinawa mikono, ukachukua kisu kidogo. Ulikata mabua kimshazari, ukaondoa majani ya chini yasioze majini, na ndani ya maji ukatia kipande cha mkaa ili yasinuke. Mwanzoni chombo kilikuwa kopo la maziwa ya unga. Baadaye Mama Annie alikupa jagi jeupe la enameli lililobanduka mdomoni, ukaligeuza ili jeraha lake litazame ukuta. Ulianza na ua refu kuliko yote, ukafuatisha yale yanayopenda kuinama, ukajaza pembeni kwa majani ya bondeni. Na siku zote ua moja lilitazama mlango. Ulisema mgeni akiingia asikute wote wamempa mgongo.

Mama Annie huyohuyo alikuletea siku ya Noeli maua ya plastiki aliyokuwa akiyauza dukani. Tulijua unavyoyachukia. Uliyapokea kwa mikono miwili, ukayatundika jikoni, na kila mwisho wa mwezi uliyafua kwa sabuni kama shati, ili akipita ayaone yanang'aa.

Hapa lazima tumtaje Baba, naye ameturuhusu.

Mwalimu Athanase, mume wako, alikuwa direkteri wa shule ya msingi kwa miaka ishirini na miwili. Shule ile iliteketea akiiona. Walimu wenzake wawili hawakufika Bunia. Tangu tulipoingia mjini alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, mikono juu ya magoti, na maneno yakamkauka. Ukimpa chakula, alikula nusu. Ukimwuliza jambo, alitikisa kichwa. Alikuja kutueleza baadaye kwamba kila alipotaka kusema, ulimi wake ulianza kuita majina ya wanafunzi, kama asubuhi darasani, na akifika kwenye jina ambalo hakujua kama mwenyewe bado anaishi, alishindwa kuendelea. Basi akaona ni afadhali asianze kabisa.

Jirani mmoja alikuja na shauri. "Huyu muzee bamemuloga. Mumupeleke kwenye maombi. Batamupigia kelele mpaka pepo itoke."

"Athanase hakulogwa," ulimwambia. "Na kelele, amesikia ya kutosha."

Dalia zilipochanua, ulihamisha meza, ukaiweka mbele ya kiti chake. Hukumwomba aseme. Jumamosi baada ya Jumamosi ulipanga maua pale, ukizungumza taratibu, mara na maua, mara na wewe mwenyewe. "Hii iko na kichwa kizito. Hii ilikosa jua." Baba alikuwa akitazama mikono yako. Sisi tulikuwa tumeshakata tamaa; Osée alisema wazi kwamba baba yetu alibaki Fataki na aliyefika Bunia ni kivuli.

Jumamosi ya kumi na moja, Nadège alikuwa anapepeta maharage mlangoni. Ulichomeka dalia nyekundu, ndefu kupita kiasi, katikati kabisa, mbele ya zile nyeupe ndogo. Ukarudi nyuma hatua moja ukaangalia, kama mtu aliyeridhika.

"Ile nyekundu iko murefu sana," sauti ikasema. "Inaficha benzake."

Mikono ya Nadège ilisimama ndani ya ungo. Ilikuwa miezi saba tangu aisikie sauti ile. Wewe hukugeuka, wala hukulia. Ulimsogezea kisu mezani.

"Basi ukate," ulisema.

Akakata. Alikata fupi mno, ua likabaki na bua la kidole kimoja. Ulilichukua ukaliweka kwenye mdomo wa jagi, likakaa. Baba akasema, "Hapo sawa," akaomba chai.

Jioni Nadège alikufuata jikoni akisema Mungu ametenda muujiza. Ulicheka kabla hujamaliza kumeza, kama kawaida yako.

"Mungu ametenda, ndiyo. Lakini na mimi nilisaidia. Jumamosi tatu hizi nilikuwa napanga vibaya makusudi. Mwalimu hawezi kuona kosa mbele ya macho yake, anyamaze. Nilijua siku moja itamushinda."

Tangu siku hiyo mliyapanga pamoja, mkibishana. Neno moja likaleta lingine. Wazazi waliokimbia kama sisi walianza kumletea watoto wao uani, kisha shule moja ya mtaa ikampa darasa la zamu ya mchana. Siku ya kwanza ulimfungia maua ndani ya karatasi ya gazeti, akayabeba chini ya mkono, mbele ya watu, mwanaume mzee na maua yake. Hakuona haya. Wewe ulisimama mlangoni mpaka alipopotea kwenye kona, ndipo ukaketi chini na kulia. Ulidhani hakuna aliyekuona.

Ulipougua moyo, hukutaka tukuhurumie. Jumamosi yako ya mwisho hukuweza kusimama. Viviane alishika kisu, nawe ukiwa kitandani ukamwongoza kwa kidole. Alipomaliza ulisema, "Sasa unaweza." Siku tatu baadaye ukaenda.

Mama, tukuambie tulichokiogopa kuliko kifo chenyewe. Tulipokuwa tukikuteremsha kaburini, tulikuwa tunamtazama yeye. Alisimama wima, macho makavu, midomo imefungwa. Nadège alimnong'oneza Osée, "Ameanza tena." Siku zote za matanga tulikaa naye kwa zamu, tukiandaa mioyo yetu kwa kile kiti cha dirishani.

Siku ya nne aliamka kabla yetu. Alisema, "Leo niko na masomo. Munitafutie shati." Tulimwambia apumzike, akakataa. Mchana alikwenda. Saa kumi na moja alirudi na chaki mikononi, akakaa katikati ya nyumba, akaanza kulia kwa sauti. Na alilia akisema. Alitusimulia jinsi alivyokuona mara ya kwanza kwenye soko la Djugu, umebeba mtungi, ukamkanyaga mguu na kumlaumu yeye. Alitaja walimu wenzake wawili, wote kwa majina. Aliwaita wanafunzi wake wa Fataki, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa wale asiojua habari zao alilia zaidi, lakini hakusimama. Aliita mpaka jina la mwisho la darasa. Sisi tulikaa chini pale tukamsikiliza, chakula kikapoa, na hapakuwa na mtu aliyemwambia nyamaza.

Hiyo ni kazi yako, Mama. Tulitaka uijue.

Wanaokutaja leo: mume wako, Mwalimu Athanase, mwanao Osée na mkewe Viviane, binti yako Nadège, wajukuu wako Blanchard na Camille, mdogo wako Gentille, Bwana Kambale na Mama Annie, waliotufungulia mlango. Sala ya shukrani itakuwa nyumbani Jumamosi hii baada ya salongo. Kila aliyekufahamu anakaribishwa.

Lala salama, Mama Espérance. Maadamu tunapumua, jina lako halitatutoka mdomoni.