Wenye Nguvu Hutoka Mwisho

Nyumba ya wageni, nyuma ya mnara
4 Agosti

Binti yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, na magoti yangu unayajua. Natumaini wewe na mama yako hamjambo, na kwamba ile mashine ya kutoa kopi hapo dukani kwako imeacha kutafuna karatasi za watu.

Nimefika salama. Kabla hujauliza kwa nini sipigi simu: milango ya hapa ni ya mbao nyepesi, na mimi, mzee mzima, sitasimama ukumbini nikizungumza habari za kubusiana huku wageni wanapita na mataulo yao. Mambo ya kitabu changu cha mapenzi nitayaandika. Barua nampa kondakta wa basi la asubuhi, nawe fanya hivyo hivyo.

Mji wenyewe, mwanangu, acha tu! Nyumba za mawe za ghorofa mbili tatu zimebanana mabega kwa mabega, na roshani za mbao zinakaribia kugusana juu ya kichwa chako. Mtaa wa wafua shaba ni mwembamba hivi kwamba akija mtu na kikapu, inabidi uingie mlangoni kwa watu umpishe. Bado wanafua shaba mpaka leo, unasikia nyundo kabla hujauona mtaa. Mtembeza wageni alikuwa anatuambia, "Tazameni nakshi." Wenzangu wote wakatazama nakshi. Mimi nikatazama ngazi. Nikajiuliza, moto ukianzia kwenye tanuri la chini, moshi utapita wapi, na watu wa ghorofani watashukia wapi? Nyumba nzima ina mlango mmoja tu wa barabarani! Nikasimama kwenye ngazi nipime upana wake kwa mabega yangu. Mtembeza wageni akadhani nimezidiwa, akanishika mkono.

Sasa sikiliza. Yule mhariri aliniambia uso kwa uso: "Mzee, mji wako ni ramani tupu, na huyo mpenzi wa kitabuni hana haraka na msichana wake. Nenda ukauone mji, urekebishe sura ya moto, uniletee kabla Agosti haijaisha. Vinginevyo nakurudishia mswada wako." Kuhusu mji nakubali, alisema kweli. Nilikuwa naandika mji ambao sijawahi kuunusa. Lakini kuhusu moto amekosea, na atabaki amekosea.

Mchota maji wangu ndiye kiongozi wa wachota maji wa mji mzima. Enzi zile hakukuwa na magari yetu mekundu. Mtaa ukiwaka, yeye na watu wake na ndoo zao ndio zimamoto. Mhariri anataka awaruke watoto waliolala, akimbilie kwa mpenzi wake, binti wa mfua shaba, ambaye amesimama kwa miguu yake miwili. Hapana. Watoto, wazee, wagonjwa, halafu wenye nguvu. Wenye nguvu hutoka mwisho. Nimestaafu kazi hiyo bila kuubadili mpangilio huo hata siku moja, na sitaubadili leo kwa sababu ya mapenzi.

Msalimie mama yako. Usimwambie kuhusu magoti.

Ni mimi,
Baba yako


Dukani
9 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko? Sisi huku hatujambo, tunasukuma siku. Mashine imepona, imebaki kukohoa tu. Mama anakusalimu, na anauliza kama unayafunga magoti kwa kile kitambaa. Kwa hiyo ujue kwamba hakuna siri hapa.

Kurasa zako mpya ulizompa kondakta nimezichapa zote. Baba, ule mtaa! Nyundo za wafua shaba, vumbi la shaba kwenye kope za yule binti, ndoo zinazogongana kisimani asubuhi. Mteja mmoja alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, akasoma begani kwangu mpaka akaondoka akakisahau kwenye mashine. Nilimkimbilia hadi barabarani, na badala ya kushukuru akaniuliza, "Halafu ikawaje?" Nilijisikia kama kitabu nimekiandika mimi. Nikamwambia, "Mwandishi ni baba yangu," na nilitamka kwa sauti ili foleni nzima isikie.

Lakini sasa nivumilie, maana mimi ni mwanao na ukweli nimerithi kwako. Kwenye sura ya saba umeandika hivi: "Mnamo mchana mhusika alimkaribia msichana kutoka upande wa mashariki na kumkumbatia bila tukio lolote." Baba! Bila tukio lolote? Hiyo si hadithi ya mapenzi, hiyo ni ripoti ya zamu. Nimecheka mpaka nikakosea kuchapa.

Na sura ya moto inaumiza kwa namna nyingine. Mchota maji anaingia nyumba ya kwanza, anatoa watoto. Anaingia ya pili, anatoa bibi kizee. Nyumba ya tatu, mgonjwa. Na muda wote huo binti wa mfua shaba yuko ghorofani nyumba ya mwisho, amekaa. Ukurasa baada ya ukurasa, amekaa! Akija kubebwa, msomaji ameshamsahau. Mimi naona mhariri hajakosea sana. Mtu anayependa, moyo wake hutangulia hata kama miguu imekatazwa.

Mama anajifanya hana habari na kitabu. Anaingia dukani "kuangalia kama nimekula", kisha anasimama nyuma ya kiti changu na miwani yake. Jana nilimuuliza anaonaje sura ya moto. Akasema, "Mambo ya vitabu siyajui. Lakini huyo msichana, mtaa mzima unaungua, yeye amekaa anangoja kubebwa? Hana kazi?" Akachukua mkoba wake akaenda zake.

Kula vizuri.

Binti yako


13 Agosti

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima. Barua yako nimeipata, na asante sana kwa kunicheka.

Kama nikimfanya mchota maji awaache watoto, basi huyo si mtu ninayemjua, na mtu nisiyemjua siwezi kumwandika. Kama mhariri hataki, arudishe mswada. Nitauweka kabatini na nitakaa kibarazani nisome magazeti kama wastaafu wenzangu. Mimi nilijua kuzima moto, na kuzima moto nilikujua vizuri kuliko watu wengi. Hilo hakuna anayeweza kulikataa.

Mama yako mwambie msichana anangoja kwa sababu nimemwandika angoje.

Baba yako


Dukani
21 Agosti

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Kondakta amekuja mikono mitupu mara ya tatu sasa. Jana nilimuuliza mpaka akasema, "Dada, ningekuwa nayo ningekupa, mimi barua ya mtu nitaifanyia nini?" Kama unaumwa, sema. Kama umekasirika, sema pia, tutajua tumefika wapi.

Agosti inaisha. Baba, wazee wote wa pale kwa kinyozi umeshawaambia kitabu kinakuja. Kinyozi mwenyewe amepangusa rafu ya kukiweka. Mimi nimeacha nafasi kwenye dirisha la duka langu, mahali pa kwanza anapotazama mtu akishuka barabarani, nataka jina lako liwe pale. Siyo kwa sababu ya watu. Kwa sababu yangu mimi. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa nakuona unaandika kwenye daftari ukitoka zamu, na ukiniona unafunika kwa mkono kama mtoto anayeficha mtihani. Usinifunikie tena kitu hicho, na usikifunike kabatini.

Nipe ruhusa nibadilishe sentensi mbili tu. Mchota maji afike mtaani, akimbilie kwanza nyumba ya mwisho, halafu ndiyo arudi kwa wengine. Sentensi mbili, na kitabu kinapita. Nikinyamaziwa tena, nitahesabu kwamba umekubali.

Binti yako anayekupenda,
hata ukinuna


Nyumba ya wageni
25 Agosti

Binti yangu mpenzi,

Salamu tele. Mimi ni mzima kabisa, sasa hivi hata magoti sina habari nayo. Usiguse sentensi! Hata moja! Soma kwanza.

Nilinuna, ndiyo. Nimenuna siku kadhaa vizuri tu, natembea mtaani na mikono nyuma kama mkaguzi. Halafu nikasema, kabla sijarudi nyumbani na aibu yangu, nihakikishe jambo moja: je, kwenye ngazi hizi mtu anaweza kweli kushuka amembeba mwenzake? Nikalikunja godoro langu, nikalifunga kwa mkanda wa suruali, nikaliweka begani, nikaanza kupanda na kushuka. Safari ya pili nikakutana na mama mwenye nyumba. Akanitazama, akalitazama godoro, akasema, "Baba, kama kitanda hakikufai ungesema tu, siyo kuhama na mali yangu."

Ikabidi nimweleze kila kitu. Kitabu, moto, mchota maji, binti wa mfua shaba. Sikuona haya hata kidogo, nilijishangaa mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho amekaa kwenye ngazi. Kisha akasema, "Na kwa nini washuke?" Akanipeleka ghorofani, tukasukuma kabati pamoja, na nyuma ya kabati kulikuwa na mlango! Mdogo, unainama kidogo kupita. Akabisha, jirani yake akafungua kutoka upande wa pili akiwa na ufagio mkononi, akasema karibuni. Kumbe nyumba hii ya wageni na nyingine zote za mstari huu wa wafua shaba ziliunganishwa juu kwa juu. Wanawake wa mtaa walikuwa wanapitiana humo bila kukanyaga barabarani: kuomba kaa la moto, kumshika mkono mwenzao anayejifungua, kumtazamia mtoto. Wanaume wa chini na nyundo zao hata hawakujua nani yuko kwa nani.

Nilisimama kwenye mlango ule, mwanangu, nikajua huyu msichana nimemwona wapi.

Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki maisha ya kota za zimamoto. Kengele ikilia, sisi tunapanda gari, na wake za wenzangu wanabaki getini wanashika mashavu. Mama yako hakuwahi kusimama getini. Mwanzoni iliniuma, nitasema kweli. Halafu nikaona. Tukirudi, nikifika mlangoni kwetu, nakuta watoto wa kota nzima wamelala sebuleni kwangu kama samaki kwenye sinia, wamelishwa, wameoshwa miguu. Yule mke wa dereva aliyekuwa na mimba kalazwa kitandani kwangu. Na mama yako amekunja mikono ya gauni, anatazama nani bado hajapata chai. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Tulikuwa kazini sote wawili, ila mimi ndiye niliyepewa kofia.

Basi nimeandika. Chapa hivi hivi:

*Mchota maji alianzia nyumba ya kwanza. Binti wa mfua shaba alianzia ya mwisho. Mchota maji alitoa watu kwa mlango wa barabarani, na binti aliwapitisha juu kwa juu, mlango kwa mlango, kuelekea upande ambao moto haukuwa umefika. Hakuna aliyejua kama mwenzake yu hai. Walikutana katika chumba cha katikati, mchota maji ameingia kwa ngazi, binti ameinama kwenye mlango mdogo, amekunja mikono ya gauni, uso mweusi kwa masizi.*

*"Umechelewa," binti akasema. "Huko kwako amebaki nani?"*

*"Wewe tu," akajibu. "Na kwako?"*

*"Wewe."*

*Ndipo mchota maji akamshika mkono, wakatoka, wa mwisho wote wawili.*

Mpangilio sijauvunja. Na haraka ipo, kila nyumba anayoimaliza anamkaribia. Mpelekee mhariri kabla mwezi haujakatika, na mwambie kwa heshima zote kwamba hapa ndipo ninaposimama. Akikataa, atakuwa amekataa kitu kizuri, na mimi nitajua hivyo mpaka naingia kaburini.

Mama yako msomee ukiona inafaa. Mimi siwezi.

Baba yako


Dukani
3 Septemba

Baba yangu, fahari yangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Sisi wazima, na kama hatulali ni kwa furaha.

Nilimpelekea mhariri kwa mkono wangu, siku ya mwisho, kabla hawajafunga ofisi. Leo amepiga simu. Anasema alipofika kwenye chumba cha katikati aliinuka akafunga mlango wa ofisi yake, maana hakutaka wafanyakazi wamwone analia. Anasema hakuomba hiki alichopewa, na anashukuru hukumsikiliza. Kitabu kinakwenda mtamboni, Baba. Kinakwenda! Nilipiga kelele, mteja akaangusha bahasha zake zote. Na mimi sentensi zangu mbili nimezimeza, zimeteremka bila maji.

Mama nilimsomea jana hapa dukani, nimefunga mlango. Nilisoma barua yote, na kipande cha kitabu. Nilipofika kwenye sebule ya kota alivua miwani. Nilipomaliza alininyang'anya karatasi, akasoma mwenyewe amesimama, akarudia. Nikamuuliza, "Mama, vipi?" Akavuta kiti changu, akakaa, akaniomba kalamu. Hajawahi kukuandikia barua tangu nizaliwe, kwa hiyo sikuthubutu hata kukohoa. Haya hapa chini ni yake, sijagusa neno.

Binti yako

*Afande,*

*Natumaini hujambo. Mimi sijambo.*

*Nimesoma. Huyo msichana umemfanya mwembamba kuliko nilivyokuwa mimi, sawa, ni kitabu. Mengine yote ni kweli.*

*Ulikuwa ukirudi unasimama mlangoni na kofia yako mkononi, unatazama ndani. Mimi miaka yote hiyo nilidhani unahesabu watoto. Kumbe ulikuwa unaniangalia mimi.*

*Rudi nyumbani.*

*Mkeo*