Gunia la Uji wa Boke

Jumatatu, 3 Machi

Dagaa wa omena tena juani, na mvua tena saa nane. Nimekimbia kutoka dukani hadi nyumbani kuanua, cherehani nimeiacha na suruali ya mtu. Lakini chakula cha mtoto cha mkebe sinunui tena. Bei yake ni wizi. Nimechanganya wimbi, mahindi, soya, njugu na omena. Nimesaga gunia zima kwa mara moja, nisilipie mashine kila wiki. Mama mkwe aliguna tu. Kwao unga wa mtoto husagwa kidogo kidogo. Mambo ya kale.

Alhamisi, 6 Machi

Boke amefunga mdomo kama mlango wa benki. Kijiko kikiingia, uji unarudi wote kifuani kwangu. Mume wangu Ombati anasema niongeze sukari. Yeye anarudi kutoka mjini mtoto amelala, halafu anatoa ushauri! Nimechoka na watu wa nyumba hii.

Jumanne, 11 Machi

Kliniki. Boke ana miezi minane na uzito wake haujasogea tangu mwezi jana. Nesi aliuliza anakula nini. Nikamtajia vyote, kwa maringo.

"Vyote hivyo kwa pamoja? Tumbo la mtoto huyu!"

Turudi baada ya wiki mbili. Asipoongeza, anatuandikia twende hospitali kubwa. Nimelia njia nzima hadi nyumbani Keumbu. Naogopa. Jioni nimempikia uji mzito zaidi.

Jumatatu, 17 Machi

Stima ilipotea sokoni, nikafunga duka mapema. Uji niliouacha asubuhi niliukuta kwenye sahani ya kuku, nyuma ya jikoni. Ndani, mama mkwe amempakata Boke, anampa ndizi iliyopondwa. Mtoto anakula mbio.

Nilipiga kelele. Mama wa watu, mbele ya mjukuu wake. Nina aibu kuandika niliyosema. Alinipa kijiko cha uji wangu.

"Onja, Mama Boke. Hata kuku wamekataa."

Sijawahi kuuonja, siku zote hizo. Mchungu. Unanuka ukungu. Njugu hazikuwa zimekauka, na gunia limekaa kwenye sakafu yenye unyevu. Hicho ndicho nilichokuwa namlazimisha mwanangu kumeza.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia, ungesema nakudharau."

Kweli ningesema. Hilo ndilo linaniudhi kuliko yote.

Ijumaa, 21 Machi

Gunia lote shimoni. Kuku wasiguse. Ombati alisaidia kufukia, afadhali. Siku hizi tunapika cha leo tu, cha kesho hatuweki: ndizi za shambani, malenge, maharagwe yaliyomenywa maganda. Karibu bure, na vyote vilikuwa hapo nyuma ya nyumba huku nikianika omena kama mwendawazimu. Ninajikasirikia hadi kichwa kinauma. Boke anakula.

Jumanne, 25 Machi

Mizani imepanda. Kidogo, lakini imepanda. Hospitali kubwa hatuendi. Nesi aliuliza nampa nini sasa. Nikasema anayempikia ni nyanya yake, amuulize yeye.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, na leso yake ya kanisani. Nilikuwa nimemwomba aje. Alianza kueleza taratibu, Kiswahili kikimgomea, akimalizia kwa Ekegusii. Nesi akasogeza kiti, akamkaribisha. Mimi nikamfunga Boke nepi.