Shemeji Anataka Nimsemee Jumamosi

Jumatano. Upepo tangu alfajiri, na roho yangu iko juu.

Vumbi liliingia kwenye mitungi ya maziwa niliyokuwa nimeshaifukiza, ikabidi nirudie yote kumi na minne. Maziwa ya ngamia hayajali kama muuzaji amenuna. Basi la Nairobi likiondoka, limeondoka.

Ujumbe uliingia saa moja na nusu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Kila mwenye ng'ombe zaidi ya kumi, lazima alete mtamba mmoja kwenye kikao cha Jumamosi, wapewe waliomalizwa na ukame.

Mimi nina kumi na mmoja.

Kuna mtu amenihesabia.

Sikatai desturi. Sisi Waborana tunaiita busa gonofa: ukipoteza mifugo, ukoo unakukusanyia uanze tena. Mwenye shida hajisemei. Anasimama mtu anayeijua nyumba yake, anaeleza, na watu wanatoa kulingana na alivyoeleza. Kila kitu kiko kwenye mdomo wa huyo mtu.

Miaka tisa iliyopita mwenye shida nilikuwa mimi. Mume wangu alikuwa amekufa, na kati ya ng'ombe ishirini na saba walibaki wawili, wote vikongwe. Aliyesimama kunisemea ni shemeji yangu Guyo, mdogo wa marehemu. Nilikuwa nimekaa nyuma na wanawake. Maneno yake nayajua kwa moyo: "Shemeji atashukuru kwa chochote mtakachoona kinafaa. Ana kibanda chake cha chai, hajakwama sana."

Nikapewa mbuzi mmoja.

Kibanda chenyewe kilikuwa na birika mbili na benchi moja. Nilianza kuuza maziwa lita tano kwa siku, za kukopeshwa na jirani. Leo napeleka mia moja na themanini. Hakuna ng'ombe wangu hata mmoja aliyetoka kwa ukoo.

Kwa hiyo asubuhi nilishachagua mtamba wa kupeleka: yule anayechechemea mguu wa nyuma. Yule mwekundu, aliye bora kuliko wote, abaki kwangu. Ujumbe ulisema mmoja. Haukusema yupi.

Jana jioni binti yangu alikuwa na zoezi la Kiingereza, atafute maneno mengine ya 'must'. Tukajaribu kwanza kwa Kiswahili. Lazima, sharti, inabidi, inapasa, sina budi, nahitaji. Akaniuliza tofauti yake. Nikamwambia aangalie nani anasema na anamwambia nani. Chifu anasema lazima. Aliyechoka anasema inabidi. Nahitaji ni neno gumu kuliko yote, kwa sababu ukilitamka umevua nguo mbele za watu. Aliandika, sijui mwalimu atampa alama gani.

Leo saa sita Guyo akaja kibandani. Mwenyewe.

"Salaam aleikum, Mama Kadija." Akageuza mtungi mtupu akaukalia. Akasifu mitungi. Akalaumu upepo. Mimi nikaendelea kumwaga maziwa kwenye kichujio.

"Jumamosi kuna kikao," akasema.

"Nimeona. Mmenihesabia vizuri."

Akacheka kidogo, peke yake. Kisha akasema kuna nyumba zinahitaji kuangaliwa. Nikamuuliza nyumba za nani. Akasema, za watu. Nikamwambia mimi nina lita arobaini bado hazijachujwa, nyumba za watu zinaweza kusubiri.

Akainamisha kichwa. "Nahitaji, shemeji. Walikuwa sitini na wawili, wamebaki wanne. Nataka unisemee."

Nikaweka kichujio chini. Kikaoni mwanamke hasimami hivi hivi, na yeye anajua. Nikamuuliza kwa nini mimi.

"Kwa sababu kila mtu anajua umenikasirikia. Wewe ukisema nahitaji, nani atabisha?"

Hata katika shida, huyu mtu anapiga hesabu. Ni ukoo mmoja kweli.

Nikamuuliza lile swali la miaka tisa. Kwa nini ulinisemea vile? Akasema aliona haya watu wasikie nyumba ya kaka yake ina njaa.

"Hiyo haya yako," nikamwambia, "watoto wangu waliinywa na strungi miaka miwili. Chai nyeusi asubuhi, chai nyeusi jioni."

"Wangu wanainywa sasa," akasema.

Akaondoka bila maziwa. Nilikuwa nimeshamjazia chupa ya lita mbili na sikumwita. Nimeipeleka mwenyewe alasiri, nikamkuta mke wake na watoto watano. Yule mdogo aliikumbatia chupa hata kabla sijaiachilia.

Tangu hapo ile sentensi inanizunguka. Ningeweza kusimama Jumamosi nikairudisha vile vile: atashukuru kwa chochote mtakachoona kinafaa. Hakuna ambaye angenilaumu. Guyo angeijua, na angekaa pale akiisikiliza kama nilivyokaa mimi.

Nimeshaandika nitakachosema. Ni hesabu tupu. Watu saba. Ng'ombe wanne, anayekamuliwa ni mmoja. Maziwa hayajazi kikombe kwa kila mtoto. Halafu nitalitamka lile neno gumu, mara moja, kwa sauti ya kufika kwa walio nyuma.

Sijamsamehe.

Lakini nimempigia simu mchunga ng'ombe wangu kule Kinna. Yule anayechechemea abaki. Alete yule mwekundu.