Simiti Juu ya Chokaa

Mji wa Kale, Mombasa
Ijumaa, baada ya Alasiri

Mjukuu wangu Rukia,

Assalaam aleikum. Hatujambo, mamako mdogo amejifungua salama, nami najizoesha kula peke yangu tangu babu yako atutoke.

Waniuliza kwa nini tusiupige simiti ukuta wa nyumba yetu unaomomonyoka, badala ya kungoja kibali cha watu wa majengo ya kale, wanaotaka chokaa. Haraka hiyo niliwahi kuwa nayo. Nilipoolewa niliuonea haya ukuta ule, nikamshikilia babu yako mpaka akaupiga simiti. Ulipendeza. Masika yalipokuja, unyevu ukakosa pa kutokea, simiti ikabanduka pamoja na mawe ya ukuta.

Fundi mzee akanicheka: "Umeupamba kama biarusi, mwanangu, ukauziba pua."

Nilingoja babu yako anilaumu. Akakoroga chokaa, akasema, "Haya, shika karai." Tukapaka pamoja wiki nzima. Kile kipande kilichopindapinda karibu na dirisha ni chake, maana hakuwa fundi. Kwingine kumechakaa, chake hakijabanduka.

Basi tungoje kibali, mama. Na ukinyanyua mikono kuomba dua, ututaje sote wawili, mimi na babu yako.

Bibi yako