Mtihani wa Chuo Mlangoni pa Chumba cha Upasuaji

Nyumba ya Bwana Sleyum,
Sidab, Maskati.
5 Desemba 1970

Mpendwa Shangazi Mahbuba,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nna matumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Bwana Aflah na mdogo wangu Hamdiya, na kwamba Idi imewapitia kwa kheri huko Mombasa. Goti lako likoje? Bado linakuuma ukipanda ngazi za skuli? Waambie wakupe darasa la chini.

Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Bibi Shaikha, mama yako, kafunga mwezi mzima, hakuacha hata siku moja, ingawa sote tulimsihi. Mama kifua chake kimepoa. Baba yupo forodhani na kazi yake ile ile ya kuandika mizigo.

Sasa kaa kitako nikupe khabari. Nimefaulu, Shangazi! Karatasi ya hesabu ya mwaka wa kwanza wa chuo kikuu nimeipata kwa alama sabini na moja. Barua imefika katikati ya Ramadhani, nami nikaizuia mpaka leo ili nikuandikie kwa utulivu, kwa sababu kila nilipoanza nililia nikaharibu karatasi.

Bibi kila siku huniomba nimueleze upya. Vipi mtu asiyemaliza sekondari awe na somo la chuo kikuu? Nikamwambia, chuo kinamruhusu mtu wa masomo ya posta afanye karatasi moja kabla ya kumaliza sekondari, lile somo limewekwa kwa jina langu, na siku nitakayoingia chuo sitalirejea tena. Akafikiri, akasema, "Basi wewe umefika ghorofani na ngazi bado wanajenga." Ndivyo hasa. Masomo mawili ya sekondari bado sijayamaliza, nitayafanyia mtihani mwezi wa sita inshaallah.

Wewe ndiye uliyeuona mlango huo. Tulipotoka Unguja nilikuwa na miaka kumi na mbili, na hapa hapakuwa na skuli hata moja ya mtoto wa kike. Ungeweza kuniletea salamu na kanga ikawa imetosha. Lakini ulinitafutia masomo ya posta, na vitabu vya mwanzo vilipopotea njiani, ukakaa ukavinakili kwa mkono wako, madaftari kumi na moja, ukayatuma mojamoja kwa kila mtu aliyekuja huku. Katika daftari la saba uliandika pembeni, "Hapa nilisinzia, Nasriya, mstari huu uuhakikishe mwenyewe." Niliuhakikisha. Ulikuwa umekosea kweli, na nilifurahi mno, maana ndiyo mara ya kwanza niliyojua kwamba nafahamu.

Sijapata kukueleza yaliyotokea siku ya mtihani, kwa kuwa niliona haya na niliogopa. Leo nitakueleza yote.

Wenye chuo walitaka msimamizi mwenye cheo, awe daktari au mwalimu mkuu, na sharti lake ni kwamba asimwache mtahiniwa peke yake hata dakika moja. Baba hakutaka kabisa. Tangu tufike huku alikuwa hasemi neno juu ya masomo, yeye aliyefundisha hesabu miaka kumi na tisa. Aliniambia, "Cheti cha nini mahali pasipo na skuli? Unajitafutia uchungu, mwanangu." Mama ndiye aliyekwenda kumuomba yule daktari wa kike, Mzungu, wa hospitali ya Matrah aliyemtibu kifua. Akakubali papo hapo. Baba aliposikia alikwenda zake forodhani, lakini asubuhi ya tarehe tisa mwezi wa sita alikuwa keshavaa, kasimama mlangoni ananingoja.

Tulikwenda kwa miguu mpaka Maskati, kisha tukapata gari. Jua lilikuwa kali hata kalamu ikinitoka mkononi kwa jasho. Daktari akaniweka chumbani mwake, akaivunja lakiri ya bahasha mbele yangu, akakaa kunielekea. Muda wa saa tatu, masuali sita. Baba alibaki uani.

Nilikuwa nimemaliza suali la tatu pale muuguzi alipoingia mbio. Kaletwa mwanamke kutoka Mawaleh, mtoto kakwama na damu haikatiki. Daktari akasimama, akanitazama, akaitazama bahasha. Kisha akaniambia kwa Kiarabu, "Chukua karatasi zako zote, nifuate."

Akaniweka ukumbini, kwenye kigoda, mlango wa chumba cha upasuaji ukiwa wazi. Nikapewa sinia ya bati niiweke magotini niandikie juu yake. "Mimi nnakuona na wewe unaniona," akasema. "Endelea."

Shangazi, nitaendeleaje? Yule mwanamke alikuwa akimwita mama yake. Suali la nne nililisoma labda mara kumi, sikuona ila herufi. Nikafumba macho nikamuombea. Nilipoyafumbua nikakumbuka kwamba saa inakwenda, nikashika lile suali kama mtu anavyoshika ukuta asianguke. Nililimaliza. Niko nusu ya la tano, mtoto akalia. Wauguzi wakacheka, nami nikacheka peke yangu ukumbini, machozi yananitiririka juu ya sinia. Mtoto wa kike, na mama yake yuhai. La sita sikuligusa, wakati uliniishia.

Daktari alipotoka, nguo yake bado ina damu, akachukua fomu ya msimamizi akaanza kuandika yaliyotokea, kila kitu. Hapo ndipo nilipofanya jambo ninaloliona haya. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Daktari, tafadhali usiliandike hilo. Hakuna aliyeona." Hakunikasirikia. Alisema, "Nikificha hili, sahihi yangu haitakufaa chochote, wala haitamfaa mwengine atakayekuja baada yako." Akaendelea kuandika.

Njia nzima ya kurudi nililia. Nikamuuliza Baba kama haoni kwamba nimedhulumiwa. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Mimi ningeandika vilevile. Lakini ningelia kama wewe." Nilimkasirikia siku mbili. Siku ya tatu nikamuomba radhi.

Baada ya hapo ikaja Julai, Sultani mpya akashika nchi, na mambo yaliyobadilika hapa umeyasikia. Watu wetu wanarudi kutoka kila upande, kila wiki unasikia Kiswahili kipya sokoni. Katika furaha yote hiyo mimi nilikuwa nangoja posta tu. Mwezi wa nane wakaniandikia. Karatasi yangu imezuiwa, nieleze kwa mkono wangu ni dakika ngapi msimamizi hakuniona.

Niliitazama barua ile siku nzima. Kuandika "hata moja" kulikuwa kwepesi. Lakini kweli ni kwamba kuna wakati daktari aliinama juu ya mgonjwa, nami nikawa naona mgongo wake tu. Nikaandika hivyo, dakika sita au saba, na kwamba wakati huo sikuandika kitu kwa kuwa sikuweza. Nikaitia posta nikajua basi, imekwisha.

Kumbe wao walikuwa wamemuandikia na daktari vilevile. Wamejibu kwamba maelezo yetu mawili yamekubaliana, kwa hivyo karatasi imekubaliwa.

Khabari nyengine ni kwamba nimeitwa kufundisha hesabu darasa za chini katika skuli ya wasichana hapa Maskati. Nafundisha asubuhi, na jioni nasoma yangu. Mtoto wa kwanza aliyeniita "mwalimu" nilitaka kugeuka nitazame kama uko nyuma yangu.

Na Baba, Shangazi, nduguyo! Juzi baada ya alasiri alikuja kuniomba daftari la nne, ati apitishe wakati. Sasa anakaa mkekani, miwani puani, anafanya mazoezi yako na mimi nasahihisha. Jana nilimpa matatu kati ya matano. Akabisha juu ya moja. Tukabishana mpaka chai ikapoa, Mama anatucheka. Nililipitia tena jibu lake hatua kwa hatua, na wallahi yeye ndiye aliyekuwa sawa. Nikafuta alama yangu, nikampa nne. Tangu Unguja sijamuona Baba akicheka vile.

Nisalimie Bwana Aflah na Hamdiya, umwambie asiyatupe madaftari yake. Bibi anakuombea kila sala, na Mama anasema halua iko njiani kwa mkono wa Bwana Marhoon. Mungu akulipe kwa kila mstari ulioninakilia, akuponyeshe goti, na atukutanishe uso kwa uso tukiwa na afya.

Ni mimi mwanao nikupendaye na kukushukuru,

Nasriya binti Sleyum